Wadi Iliyo Baina Yetu

Mwanangu Rayya,

Tulifunzwa sote kuanza barua kwa kusema mimi mzima, hofu ni kwako. Maneno hayo nimeyaandika umri wangu wote bila ya kuyafikiri, ilimradi mstari wa kwanza upite. Leo nayaandika nikiyafikiri, maana hofu ni kwako kwelikweli. Ulisema utarudi kwa chakula cha mchana. Adhuhuri imepita, wali umepoa juu ya meza, na kila nikipiga simu yako najibiwa na yule mwanamke wa mitambo, kwa Kiarabu kizuri kabisa, kwamba haipatikani.

Hapa Khuwair jua linawaka. Mbingu haina wingu hata la dawa, na magari yanapita kwenye barabara kuu kama siku yoyote ya Agosti. Lakini mimi na wewe tunajua kwamba mbingu ya Maskati haimwambii mtu kitu kuhusu milima. Huko mvua ikipiga, wadi, bonde kavu lililokuwa mchanga na mawe matupu tangu mwaka jana, hujaa kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa, na wewe uliye chini unaona jua tu. Asubuhi ulipochukua ufunguo wa gari langu nilikuwa jikoni. Nilikusikia ukimwambia baba yako, "Nnakwenda kumuaga Bibi, nnarudi mapema," nami sikutoka. Nilikuwa nimenuna. Ningetoka ningekutazama usoni, na hapo ningesema lile ambalo nimekataa kulisema siku zote hizi. Basi nikaendelea kumenya vitunguu ambavyo vilikuwa vimeshamenywa.

Barua hii nilikuwa niiandike kwa utulivu, niitie ndani ya begi lako, uikute Kanada ukishafika. Ndege yako ni kesho alfajiri. Sasa naiandika ili mikono yangu iwe na kazi.

Sitakuandikia habari za koti, wala za kula, wala za kuswali kwa wakati. Baba yako ameshakuhutubia ya kutosha, na begi lako lina ubani, pilipili na halua ya kulisha mtaa mzima wa Makanada. Nataka kukuandikia habari ya radhi, kwa sababu umekwenda kuvuka wadi ili ukaombe radhi ya bibi yako, na ya kwangu, iliyo chumba cha pili, umeikosa. Katika nyumba zetu mtu hasafiri safari ndefu bila ya kuwaaga wazee na kuwekwa mkono kichwani. Mama yangu aliniwekea mkono nilipokwenda kusoma Misri, ingawa alilia mpaka mtandio ukaloa. Mimi niliyeishi kwa radhi ile ndiye niliyekunyima yako.

Tuyaseme yalivyokuwa. Ilikuwa Ijumaa, tupo mezani, ukatuambia kwamba umepata nafasi ya kufanya utafiti wa shahada ya udaktari juu ya samoni na mito yao. Baba yako akafurahi, akauliza kama samaki huyo hupikwa kwa nazi. Mimi nikauliza, "Mito ya nani?" Ukanieleza kwa subira: kwamba samaki huyu huzaliwa mtoni, huenda kuishi baharini, kisha hurudi kwenye mto ule ule kutaga mayai. Kwamba miaka hii theluji ya milimani inayeyuka mapema, mto unafika mwisho wa kiangazi ukiwa mdogo na wa moto, na samaki wanakusanyika mlangoni mwa mto wakiogopa kupanda. Hapo hapo baba yako akapata hotuba yake, samaki anayerudi kwao na sisi tuliorudi Oman kutoka Unguja. Nilimwambia anyamaze, samaki huyo akisharudi akataga hufa.

Kisha nikasema yangu. Nilisema kwamba kule pwani ya Batinah visima vinageuka chumvi, mindimu imekufa na mitende inaifuata. Nilisema kwamba mifereji ya falaj iliyonywesha vijiji vyetu tangu enzi za mababu inakauka mmoja baada ya mmoja, na wewe, mtoto wa nchi isiyokuwa na mto hata mmoja, unakwenda kuhesabu samaki wa watu. Ukanitazama, ukasema kwa sauti ndogo, "Mama, wewe umekaa ofisi ya maji maisha yako yote. Maji yameongezeka?"

Baba yako aliacha kutafuna. Mimi nikasimama, nikasema, "Basi nenda. Lakini radhi yangu usiingoje." Nikaingia chumbani, nikafunga mlango.

Neno lilipokuwa linanitoka nilijua kwamba nimekosa. Wapo watu wakikosea husimama, na wapo watu wakikosea huzidisha mwendo, nami ni wa kundi hilo la pili, unanijua. Jioni yake ulikuja kunieleza kwamba swali la huko na la hapa ni moja: maji yakipungua lazima mtu aamue nani apewe mwanzo, samaki, shamba au mji, na hilo ndilo unalokwenda kujifunza. Nikakwambia kichwa kinaniuma. Hakikuwa kinaniuma. Ulikuwa umesema kweli, na sikuwa tayari kuisikia kwa mtoto niliyemfunga viatu.

Maji yameongezeka? Nikujibu leo. Hayajaongezeka. Unalijua lile bwawa lililojengwa kuyazuia maji ya wadi yasikimbilie baharini, ili yazame pole pole ardhini na kujaza visima vya chini. Mwanzo yalizama vizuri. Kisha kila mafuriko yakaleta tope laini, tope likatanda sakafuni, likaziba, na maji yakawa yanakaa tu. Watu wakaja na mikeka na mabirika ya kahawa kutazama ziwa. Wakubwa wakaja kupiga picha, na mimi nimo katika picha hiyo, iko ukumbini kwetu, nimevaa mtandio wa buluu na ninatabasamu. Nilijua kwamba maji yanayopendeza namna ile yanaondoka na jua, hayendi kisimani kwa mtu. Nilikuwa nimeshaandika kwamba tope liondolewe. Nikaambiwa tutatazama mwakani, nikanyamaza, nikasimama pale nikapigwa picha. Wakati ule nilidhani kazi ya mtaalamu ni kusema mara moja kwa adabu. Wewe useme mpaka wakuchoke, kisha useme tena.

Na jingine, kwa kuwa nimeshaanza. Ulikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka, tulikwenda kwa Bibi baada ya mvua. Maji ya wadi yalikuwa yanakauka, yamebaki madimbwi, na ndani yake visamaki vidogo kama vidole vyako vimebanana vinahema. Ukachukua kopo la aiskrimu, ukawa unavichota na kukimbia navyo kuvitia kwenye falaj ambako maji yanatembea. Nilicheka. Nikakwambia samaki hawa hawana faida hata kwa paka. Ukanijibu, "Mimi siwapeleki kwa paka," ukarudi kuchota. Nilikisimulia kisa hicho ofisini wiki nzima kama kichekesho, na haikunipitia akilini kwamba mtoto wangu alikuwa ameshachagua kazi yake.

Baba yako ameingia sasa hivi, ameketi ukingoni mwa kiti.

"Mama Rayya, mtoto ana akili zake. Atakuwa yuko kwa Bibi, kashikwa na chai."

"Chai gani hiyo ya tangu asubuhi?"

"Humjui mama yangu? Atamtilia na mkate wa kumimina, atamtolea na picha za zamani."

"Simu ya mama yako nayo haishikwi."

"Mtandao tu huo," akasema. Lakini tasbihi yake ilikuwa inazunguka na midomo haitikisiki, nikajua hasomi kitu.

Nimempigia Hilal. Unamkumbuka, yule kijana niliyemfundisha kazi kabla ya kustaafu, mama yake mzaliwa wa Unguja kama mimi, naye huniita Khalti kama dada wa mama yake. Yuko zamu, mbele ya zile skrini zinazoonyesha vipimo vya maji vya kila wadi. Nikamuuliza wadi ya kijijini kwa mama mkwe inasemaje.

"Khalti, milimani imenyesha sana," akaniambia. "Lakini kipimo cha wadi ile sikielewi. Kimeruka ghafla, juu kabisa, halafu kimenyamaza. Nnahisi kifaa kina hitilafu. Urefu huo si wa kawaida pale."

"Hakina hitilafu, Hilal."

"Unajuaje, Khalti?"

"Najua. Wapigie polisi wa barabara, uwaambie wadi imekuja."

Akasema, "Sawa, Khalti." Baba yako alikuwa ananitazama. Nikamwambia achukue gari lake aende mpaka kwenye kivuko cha wadi, asimame upande wa huku, asikanyage maji. Ametoka na kandambili za nyumbani.

Sasa nipo peke yangu, na naweza kukusimulia kile kisa cha kipimo. Umekisikia kwa baba yako, naye hukitoa kila wageni wakija, "Mke wangu mimi alifuta mafuriko kwa kalamu." Wageni hucheka, nami hupitisha kahawa. Nikusimulie mwenyewe, maana mimi sikucheka.

Nilikuwa mgeni kazini, sijaolewa. Vifaa vya wakati ule vilichora mstari juu ya karatasi, maji yakipanda na mstari unapanda. Siku moja ikaletwa karatasi ya wadi ile ile ya kwa Bibi, mstari umepanda wima kisha ukakatika. Urefu ule haukuwamo katika miaka yote tuliyokuwa nayo. Na kifaa chenyewe kilikuwa na sifa mbaya, nyigu walikuwa wakijenga ndani yake na mbuzi wakijikuna juu ya nguzo yake. Nikautazama mstari, nikatazama miaka ya nyuma, nikauona hauna wenzake. Nikaufuta. Nikaandika pembeni "kifaa kibovu," nikaweka urefu wa kawaida, na mkubwa wangu akanisifu kwa umakini. Sikumpigia simu mtu yeyote kijijini. Sikupanda gari kwenda kutazama takataka zimenasa wapi juu ya miti, na hilo ndilo jambo la kwanza tulilofundishwa.

Walipokuja wajenzi wa barabara wakauliza maji makubwa kabisa ya wadi ile ni yepi, wakapewa namba zangu. Kwa namba zangu daraja halikuhitajika. Wakamwaga zege chini, barabara ikapita juu ya mgongo wa wadi, pembeni wakasimamisha nguzo zilizopakwa rangi, nyeupe kwa chini na nyekundu kwa juu, ili mtu ajue maji yakifika wapi asivuke.

Kisha nikaolewa. Baba yako alinipeleka kijijini kuonyeshwa kwa wazee, nina hina mpaka kwenye viwiko, nimenukia udi gari zima. Tulipokuwa tunavuka nikaona mkunazi ukingoni, na kwenye panda ya mti, juu kuliko kimo cha mtu, limenasa bunda la matete makavu na kipande cha mlango. Nikauliza ni nini. Baba yako akanieleza kwa furaha, kama anayenionyesha mali, kwamba hayo yaliachwa na wadi mwaka ule ilipokuja na kuondoka na mbuzi wote wa kijiji. Mwaka ule ulikuwa ndio mwaka wangu, wa mstari nilioufuta. Wanawake walikuwa wamejipanga mlangoni wananipigia vigelegele, nami nimekaa ndani ya gari sishuki. Wakasema bibi harusi ana haya.

Niliporudi ofisini nilieleza, na namba ikarudishwa mahali pake. Barabara ilikuwa imeshajengwa. Hakuna aliyekufa kwa sababu yangu, namshukuru Mungu, ila kila wadi ikija kijiji kile hukatika, na kila ikikatika mimi huhesabu walio upande wa pili. Leo upande wa pili upo wewe.

Nimefikiri sana juu ya kosa lile, Rayya. Ujinga wa mtu mgeni ungesameheka. Lililoniuma ni kwamba niliona kitu kisichofanana na nilivyozoea, na sikujiuliza hata kidogo kama mbovu ni mimi. Nawe ulipokuja na samoni wako nilikutazama kwa jicho lile lile. Mtoto wa Maskati, wa mitende na joto, na mito ya barafu? Sikuona wenzake, nikachukua kalamu.

Nimeacha kuandika kwa muda. Umepiga. Naandika tena sasa, na nataka niyaweke maneno yetu hapa kama yalivyokuwa, kwa sababu kuna jambo ndani yake ambalo wewe hukuliona.

Namba ilikuwa ya mtu nisiyemjua. "Mama, ni mimi. Simu yangu imekwisha chaji, hii ya jirani yake Bibi."

"Uko wapi?"

"Nipo kwenye kivuko, upande wa kwa Bibi. Wadi imekuja, Mama. Nguzo hazionekani hata moja."

"Gari?"

"Nimelirudisha juu, mbali. Kuna watu wana magari marefu. Mmoja kavuka mwanzo, maji yalipokuwa madogo. Sasa yuko mwengine na mkewe, anataka kujaribu, ananambia nipande. Nimemwambia sitaki."

Hapo nilikaa chini sakafuni. Wewe ukaendelea. "Mama, ndege alfajiri. Wenzangu wanapanda mtoni wiki hii, samaki wameshafika mlangoni, wanangoja maji yapoe. Nikichelewa nimekosa msimu mzima, na nafasi watampa mwengine. Wameshanambia."

Nikwambie kitu ambacho baba yako hakijui. Nilifurahi. Kwa muda wa pumzi moja, Mungu anisamehe, niliona kwamba wadi imenifanyia kazi yangu. Huendi. Si kwa neno langu, si kwa radhi yangu, ni maji tu yamekuzuia, na hakuna wa kulaumiwa. Utalia, nitakupikia, utapata kazi ofisi ile ile, utakuja kula hapa kila Ijumaa. Yote hayo niliyaona.

Kisha ukaniuliza, "Mama, wewe unaijua wadi hii kuliko mtu yeyote. Itaniachia lini?"

Hukusikia nilivyonyamaza, labda ulidhani mtandao umekatika. Nilichokuwa nahitaji kusema ni neno moja, kesho. Ungelala kwa Bibi. Kipimo kimekufa, Hilal hana la kunipinga, baba yako angeniunga mkono, na watu wote wangesema mama ana hadhari. Usingejua mpaka kufa kwako kwamba kulikuwa na jibu jingine. Na jibu hilo nilikuwa nalo. Nimeisoma wadi ile miaka yote tangu siku ya mkunazi, namna mtu anavyomsoma jirani aliyemkosea.

Nikakuuliza, "Maji rangi gani?"

"Kahawia. Kama chai ya maziwa."

"Yanavuma zaidi upande gani? Wa mlima au wa kijiji?"

"Wa kijiji."

"Wadi hiyo inalishwa na mabonde mawili, na hayo ni ya bonde fupi. Nisikilize vizuri, Rayya. Karibu na magharibi yatapungua, na watu watafurahi, wataanza kuvuka. Wewe usivuke. Yapo mengine njiani, ya bonde refu, huchelewa, na hayo ndiyo yanayoua watu. Yakishafika na kupita, basi tena. Baada ya isha utaziona nguzo nyeupe mpaka chini. Gari langu uliache huko huko, zege huenda limeliwa kwa chini. Maji yakiwa hayafiki kwenye kifundo cha mguu, uvuke kwa miguu, katikati ya barabara. Baba yako yuko upande wa huku."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Kisha ukasema, "Ungeweza kunambia nilale, Mama. Ningekusikiliza."

"Najua."

Ukakata simu.

Magharibi imeadhiniwa. Nimeswali, na sikumbuki nimesoma sura gani. Baba yako alipiga mara tu nilipokunja mswala, sauti imejaa furaha. "Mama Rayya, maji yamekwisha! Watu wanavuka, nnamwona mtoto kule, ananipungia mkono. Mwambie aje."

"Asivuke."

"Lakini wanavuka, wallahi, magari matatu yameshapita. Hata nguzo zinaonekana."

"Said, nimesema asivuke. Mwonyeshe kwa mkono arudi nyuma."

Akanung'unika. Nikabaki na simu sikioni. Ulikuwa muda mbaya kuliko wote, mwanangu. Kama maji ya pili yasingekuja, ningekuwa nimekukosesha safari kwa kiburi cha mama anayejua kila kitu, na wewe ungeamini kwamba nimefanya makusudi. Nusu ya moyo ilikuwa inaomba yasije, watu wasalimike. Nusu ya pili ilikuwa inaomba niwe nimesema kweli.

Nilisikia watu wanapiga kelele. Kisha mvumo, hata kwenye simu niliusikia.

"Imekuja," akasema baba yako. "Ipo gari ilikuwa katikati. Watu wake wametoka, hamdulillah, wamekimbia. Gari imekwenda."

"Rayya?"

"Yupo. Yupo palepale ulipomwambia."

Nililia hapo. Nalisema wazi kwa sababu hukuniona nikilia siku hizi zote, ukadhani sina machozi.

Nilikuwa na mambo mengi ya kukuandikia juu ya kazi, mengine nimeyasahau kwa fadhaa. Hili sijasahau. Huko utakuta mito isiyokauka na watu watakaokwambia kwamba mto wao unajulikana, samaki wake hupanda mwezi fulani, maji yake hufika hapa, imekuwa hivyo siku zote. Uwaheshimu, kisha uvae viatu ukatazame mwenyewe. Ukipata namba isiyofanana na nyingine, uiweke. Usiku huo itakusumbua, iache ikusumbue. Na ukikosea, maana utakosea, uwahi kusema kabla hawajamwaga zege.

Wala usijifunze kwangu namna ya kukasirika. Mimi nikiumia hufunga mlango na kukaa upande wa ndani nikingoja mtu agonge, na mara nyingi huwa ameshakwenda zake. Wewe ulirudi kugonga. Mara nyingi tu. Nakushukuru kwa hilo.

Simu imelia tena. Safari hii baba yako hakusema na mimi, aliiacha wazi mkononi. Nilisikia maji yanapita juu ya kitu kigumu, madogo, na sauti yake inasema, "Taratibu, mwanangu. Taratibu. Shika hapa." Kisha nikasikia unapumua. Kisha ukasema, "Mama, nimevuka," nami nikajibu "Haya," kama mtu aliyeambiwa kwamba mkate umenunuliwa. Ndiyo sauti iliyotoka. Kwa hiyo nakuandikia hapa yale ambayo sauti haikuyaweza.

Radhi yangu unayo, Rayya. Nilikupa pale uliponiuliza na nikakujibu kweli, nami sikuwahi katika maisha yangu kumpa mtu kitu kilichonigharimu namna ile. Sijapenda kwamba unakwenda. Sitapenda kesho, na Ijumaa itakuwa mbaya zaidi. Lakini ningekwambia lala kwa Bibi, ningekuwa na wewe hapa kila siku, nikakutazama mezani kama mtu anayetazama kitu alichokiiba. Nenda kwa samaki wako. Ukawaambie watu wa huko nani apewe maji mwanzo, na wakikuuliza umejifunza wapi, waambie kwetu, kwenye nchi isiyokuwa na mto.

Nawasikia kwenye ngazi, wewe na baba yako, mnabishana juu ya kandambili zake zilizochukuliwa na maji. Utaingia na tope mpaka magotini. Utaniambia, Mama, usinishike, nimechafuka.

Sitakusikiliza.

Mama yako